UZI: Kupiga picha vitu vidogo vya Disneyland ambavyo wageni huvipita tu

#1 JichoKali

Wakuu, uzi huu ni wa Disneyland, bustani ya michezo na burudani ya Anaheim, California, ile ya kwanza kabisa iliyofunguliwa 17 Julai 1955. Picha za fataki na za kasri kutoka katikati ya barabara zipo tele, kwa hiyo tuziache. Hapa tuongelee taa, maandishi ya madirishani, nakshi za chuma, mapipa ya taka, mawe ya ukutani, visanamu vya vigari vya bisi. Bustani hii imejengwa na watu waliohangaikia vitu hivi kwa miaka, na wageni wengi wanavipita mbio wakiwahi foleni.

Kosa linaloharibu picha nyingi za aina hii ni moja: mtu anakisogelea kitu, anafungua upenyo wa lenzi mpaka mwisho, anakata kila kilichokizunguka. Akifika nyumbani ana picha nzuri ya taa ambayo ingeweza kuwa taa ya popote. Vitu vya Disneyland vina maana kwa sababu ya mahali vilipo. Pipa la taka la eneo la Frontierland limepakwa na kuchorwa tofauti na la eneo la Tomorrowland, nguzo za taa nazo hubadilika unapovuka kutoka eneo moja kwenda jingine, hata sakafu ya njia hubadilika. Ukikata mandhari yote, umekata sababu ya kitu hicho kuwa vile kilivyo.

Kwa hiyo kila kitu kipigwe fremu tatu, kwa mpangilio huu:

1. Fremu ya mahali. Lenzi ya 24 au 35 mm, f/8 (namba ya f ni kipimo cha upenyo; ikiwa kubwa, upenyo ni mdogo). Kitu kinaonekana kidogo, lakini anayejua bustani atajua umesimama wapi.
2. Fremu ya kati. 50 mm, f/4 hadi f/5.6. Kitu kinachukua theluthi moja hadi nusu ya picha. Nyuma pamelainika ila panatambulika. Hii ndiyo fremu ngumu na ndiyo yenye thamani kuliko zote.
3. Fremu ya karibu. 85 mm au makro. Rangi iliyobanduka, kichwa cha skrubu, mshipa wa mbao.

Ukiwa na muda wa fremu moja tu, piga ya pili.

Kuhusu mapipa ya taka, kwa kuwa ndiyo rahisi kuanza nayo: piga goti. Kamera iwe usawa wa katikati ya pipa. Ukilipiga ukiwa umesimama, unapata kifuniko na lami, na mchoro wa ubavuni unapindika. Nenda asubuhi mapema kabla hayajaanza kuchafuka. Ukitaka kufanya mfululizo wa maeneo yote, shika lenzi moja, umbali mmoja (hatua nne zinatosha kwa 50 mm), upenyo mmoja. Mfululizo wenye vipimo vinavyobadilikabadilika hauna nguvu hata kama kila picha ni nzuri peke yake.

#2 Kivuli_na_Nuru

Uzi mzuri, mkuu. Naongeza suala la jua, maana bila hilo mtu atazunguka siku nzima akipiga kuta zilizo gizani.

Main Street, barabara ya kuingilia bustani, inaelekea karibu kaskazini moja kwa moja. Unaingia kusini chini ya kituo cha treni, na kasri liko mbele yako kaskazini. Maana yake ni hii: majengo ya kushoto kwako unapoingia (Town Hall, kituo cha zimamoto, duka la Emporium) yanatazama mashariki, yanapata jua la asubuhi. Ya kulia yanatazama magharibi, yanapata jua la alasiri. Panga hivyo: asubuhi piga upande wa kushoto, jioni upande wa kulia.

Kasri linatazama kusini, na hapa watu wengi hukosea hesabu. Wanadhani ukuta unaotazama kusini una jua siku nzima. Majira ya baridi ni kweli. Lakini mwishoni mwa Juni jua la California huchomoza kaskazini ya mashariki na kuzama kaskazini ya magharibi. Linafika uso wa kusini mnamo saa tatu na nusu asubuhi na kuuacha mnamo saa kumi na robo jioni. Ukienda Juni kwa ajili ya ile nuru ya dhahabu ya jioni kwenye uso wa kasri, utakuta uso uko kivulini na nuru iko mgongoni mwake. Nuru ya pembeni inayotembea juu ya mawe na kuonyesha kila mkwaruzo utaipata Novemba hadi Januari, saa ya mwisho kabla ya machweo. Mwanzoni mwa Desemba jua linazama karibu saa kumi na moja kasoro robo, wakati mwishoni mwa Juni linazama saa mbili na dakika chache usiku.

Kitu chenye umbile la kukwaruza kinataka nuru ya pembeni. Mfano mzuri ni ule mti uliogeuka jiwe, Frontierland, ukingoni mwa Rivers of America, wenye kibao kinachosema ulitolewa na Bi. Walt Disney, mke wa mwanzilishi wa bustani, Septemba 1957. Watu hudhani ni kisiki cha saruji. Saa sita mchana unaonekana hivyo kweli: bonge la kijivu. Jua likiwa chini na likitokea ubavuni, mistari ya mbao iliyogeuka jiwe inajitokeza yote. Siku ya mawingu usijisumbue nao, nenda kwenye rangi na maandishi, maana mawingu huondoa mng'ao.

#3 lenzi_ya_mfukoni

Wakuu, na sisi wa simu? Simu yenye lenzi tatu inatosha au hadi kamera?

#4 JichoKali

Inatosha kabisa kwa mchana, mdau. Angalizo nne.

Usitumie lenzi pana ya simu kwa vitu vidogo. Ukisogea sana, simu nyingi huhamia zenyewe kwenye lenzi pana kwa ajili ya makro, na hapo mistari inapinda na kivuli cha simu kinaangukia kitu chenyewe. Zima uhamaji huo kwenye mipangilio, rudi nyuma hatua moja, tumia 2x au 3x.

Bonyeza na kushikilia juu ya kitu mpaka fokasi na mwangaza vifungwe, kisha shusha mwangaza kidogo kwa kidole. Simu hupenda kung'arisha. Dhahabu, balbu na rangi nyeupe zikiungua, hakuna programu ya kuzirudisha.

Futa lenzi. Alama ya kidole haionekani mchana, ila usiku kila taa inatoa mstari wa mafuta.

Na ule ukungu wa bandia wa modi ya picha za watu usiutumie kwenye nakshi za chuma. Simu haijui tundu la nakshi ni mbele au nyuma, hivyo inalainisha baadhi ya matundu na kuacha mengine.

#5 Fremu_ya_Pili

Naomba niingie kwenye kasri na Main Street, maana hapa kuna jambo ambalo wapigapicha wengi wanaliua bila kujua.

Kasri la Sleeping Beauty lina urefu wa kama mita 23.5 tu (futi 77). Linaonekana refu zaidi kwa sababu mawe ya chini ni makubwa na yanazidi kuwa madogo kadiri unavyopanda. Jicho linadhani yamepungua kwa sababu ya umbali. Majengo ya Main Street nayo hivyo hivyo: ghorofa ya juu imejengwa kwa kipimo kidogo kuliko ya chini. Mlima wa bandia wa Matterhorn wa mwaka 1959, wenye karibu mita 45, una miti inayozidi kuwa mifupi kuelekea juu.

Sasa, mtu akitaka kuonyesha ufundi huo anafanya nini? Anasogea chini ya ukuta, anavaa lenzi ya 16 mm, anainua kamera juu. Mawe ya juu yanatoka madogo, ndiyo, lakini hata ukuta wa kawaida ungetoka hivyo. Mtazamaji anailaumu lenzi na fundi hapati sifa yake.

Hesabu ni rahisi. Chukua ukuta ulionyooka wenye kimo hicho. Ukisimama mita 5 kutoka ukutani, ncha iko mbali nawe zaidi ya mara nne kuliko tako la ukuta. Ukisimama mita 40, tofauti hiyo inashuka hadi kama asilimia 14. Kwa hiyo rudi nyuma, vuka handaki la maji, tumia 70 hadi 135 mm, kamera uishike wima bila kuiinua sana. Kupungua kwa mawe kutakakobaki kwenye picha, sehemu kubwa ni kazi ya mikono ya wajenzi. Piga fremu ya wima yenye jiwe la chini na jiwe la juu pamoja. Jiwe moja moja halisemi kitu.

Jambo lile lile liko kwenye pango la Snow White, upande wa mashariki wa kasri. Sanamu ya Snow White ya marumaru ina kimo sawa na za vijeba. Ndiyo maana imewekwa juu kabisa ya maporomoko, ili ionekane ni mtu mrefu aliye mbali. Ukipiga ukiwa njiani na kuwajumuisha wote, hila inafanya kazi. Ukivuta kwa lenzi ya 200 mm ukamchukua yeye na kijeba mmoja wa karibu yake, hila inavunjika na vimo vinaonekana sawa. Piga zote mbili, uziweke sambamba.

#6 mng'ao_wa_kioo

Madirisha ya Main Street yanahitaji posti yake.

Maandishi ya ghorofani ni majina ya watu waliochangia kuijenga bustani, yamewekwa kama matangazo ya biashara za kubuni. Moja liko juu ya Emporium: Elias Disney, mkandarasi, tangu 1895. Huyo ni baba yake Walt. Watu wanapita chini yake mchana kutwa.

Tatizo ni kioo. Unapiga kutoka chini kwenda juu, na kioo kinaakisi anga. Herufi za rangi ya dhahabu juu ya anga jeupe hazisomeki. Wengi hununua filta ya polaraiza (ya kupunguza akisi) wakidhani imemaliza kazi. Inasaidia kwa sharti moja: uitazame glasi kwa mshazari, kama nyuzi 35 kutoka kwenye uso wa kioo. Ukisimama mbele yake moja kwa moja haifanyi lolote zaidi ya kukunyang'anya stopu moja na nusu hadi mbili za mwangaza (kila stopu ni nusu ya nuru). Kwa hiyo usisimame mkabala na dirisha. Sogea kushoto au kulia kwenye njia ya upande wa pili, zungusha filta polepole huku ukitazama, na simama pale herufi zinapotokea.

Ukienda mshazari sana herufi zinabanana, nusu moja inatoka kwenye fokasi. Lenzi ya 135 hadi 200 mm, f/8, fokasi iwekwe kwenye herufi ya katikati. Angalia skrini ukiwa umeikuza: kamera hupenda kushika fokasi ya mawingu yaliyoakisiwa badala ya herufi, na kwenye skrini ndogo huwezi kugundua.

Njia ya pili ni kusubiri machweo. Anga likianza kuwa la bluu na taa za ndani zikiwashwa, akisi inapotea yenyewe. Dirisha la juu ya kituo cha zimamoto, pale palipokuwa na nyumba ndogo ya Walt, lina taa inayoachwa ikiwaka. Hiyo ipige dakika 15 hadi 25 baada ya machweo. Mapema zaidi taa haionekani, ukichelewa ukuta unakuwa mweusi na inabaki nukta ya njano tu gizani.

Na polaraiza haiondoi mng'ao wa chuma. Minara ya kasri ina dhahabu halisi ya karati 22 iliyopakwa kwa karatasi nyembamba. Hapo filta itatia giza anga, lakini dhahabu itang'aa vile vile. Dawa yake ni kupunguza mwangaza stopu moja na kutazama histogramu (chati ya mwangaza) ya rangi nyekundu peke yake, maana dhahabu huungua kwenye nyekundu kwanza wakati histogramu ya jumla inaonyesha usalama.

#7 ShataTaratibu

Mkuu #6 umeeleza vizuri sana. Rekebisho dogo kwa wanaosoma: kituo hicho kimepakana na City Hall, jina la jengo ni hilo, si Town Hall kama ilivyoandikwa #2. Uwanja ndio unaitwa Town Square.

#8 Kivuli_na_Nuru

Kweli kabisa, asante kwa kunirekebisha. City Hall.

#9 ShataTaratibu

Sasa vigari vya bisi. Hapa ndipo penye kitu kidogo kinachopendeza kuliko vyote pale, na picha zake nzuri ni chache mno.

Ndani ya sanduku la kioo la kila kigari, kwenye kona, kuna kisanamu kinachozungusha mkono wa pipa dogo la bisi. Kila eneo lina kisanamu chake. Kile cha karibu na Matterhorn ni dubwana la theluji la mle mlimani, manyoya meupe, mkono mmoja umeshika mpini. Kisanamu chote ni kidogo, hivyo kila kosa linaonekana.

Mambo yanayoharibu picha hii ni manne. Kioo kina mafuta na mvuke, hasa upande unaofunguliwa na mhudumu. Tafuta upande wa pili. Balbu ya kuipasha joto bisi iko juu na ni kali, hivyo utosi wa kisanamu unaungua huku uso uko gizani. Kioo kinakuakisi wewe mwenyewe na fulana yako. Na kisanamu kinatembea.

Utaratibu unaofanya kazi: lenzi ya 85 au 100 mm yenye kukaribia, f/4, shata 1/125 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kunasa nuru) 800 hadi 3200 kulingana na saa. Mwangaza upimwe kwa nukta kwenye shavu la kisanamu, kisha upunguze theluthi mbili ya stopu ili utosi usiungue. Vaa nguo nyeusi au ya rangi iliyokoza. Simama kama nyuzi 20 hadi 30 pembeni ya kioo na uchague pembe ambayo kioo kinaakisi ukuta mweusi au miti. Kofia ya mpira ya lenzi inaziba akisi vizuri kwenye dirisha la duka, lakini hapa usiigandamize: kioo ni cha moto na ni sehemu ya kazi ya mtu. Acha nafasi ya kiganja.

Kisha tazama mzunguko mara tatu bila kupiga. Kuna sehemu ya mzunguko ambapo mkono uko juu na uso uko wazi, na sehemu ambapo mkono unaukata uso katikati. Fokasi iwe ya mkono, kwenye jicho. Piga mfululizo wa fremu tano hadi nane mkono unapopanda. Ukitaka mwendo uonekane, shusha shata hadi 1/15 ukiwa umeegemea kitu: uso utabaki mkali, mkono utakuwa na ukungu wa kuzunguka, bisi za kwenye pipa zitakuwa mistari ya njano.

Usizuie foleni. Mhudumu akiona unapisha wateja, kwa kawaida hana neno.

#10 lenzi_ya_mfukoni

f/4 si itatia ukungu kisanamu kizima? Nimesoma mahali kwamba karibu inatakiwa f/16.

#11 Fremu_ya_Pili

Inategemea umbali, mdau. Kwa kamera yenye kihisi kikubwa cha 36 kwa 24 mm, lenzi ya 50 mm kwa f/4 ikiwa mita 1 kutoka kwa kitu, kina cha fokasi (umbali wa mbele hadi nyuma unaotoka mkali) ni kama sentimita 9 hadi 10 jumla. Kwa f/8 kinakuwa kama mara mbili yake. Lenzi ya 85 mm kwa f/2.8, mita 3, inakupa kama sentimita 20. Lakini 100 mm kwa f/4 ukiwa mita 1 inakupa sentimita 2 na kidogo. Hiyo inatosha uso na mkono vikiwa usawa mmoja. Mkono ukiwa mbele zaidi, nenda f/8 na ukubali ISO kupanda.

f/16 inalainisha picha nzima kwa sababu nuru inatawanyika inapopita kwenye tundu dogo, na ndani ya kigari hutakuwa na nuru ya kutosha. Chenga za ISO 3200 zinavumilika. Picha iliyotikisika haina dawa.

#12 Bi_Nakshi

Msisahau eneo la New Orleans Square. Kwenye roshani ya juu ya mlango wa mchezo wa Pirates of the Caribbean (1967), ndani ya nakshi za chuma kuna herufi zilizosukwa pamoja: WD na RD, za Walt na kaka yake Roy. Ziko wazi kabisa na hazionekani, kwa sababu jicho linasoma nakshi yote kama pambo moja.

Kuzipiga: 135 mm au zaidi, na mpaka utafute mahali ambapo nyuma ya herufi kuna ukuta mtupu wenye rangi moja. Hatua mbili kushoto au kulia zinaweza kutosha kuondoa fremu ya dirisha iliyokuwa inazikata. Siku ya mawingu ndiyo siku yake. Jua kali hutupa kivuli cha nakshi ukutani, na unapata herufi mbili juu ya herufi mbili, hazisomeki. Ongeza mwangaza theluthi mbili ya stopu ili chuma kionyeshe umbile badala ya kuwa doa jeusi.

Haunted Mansion (1969), jumba la mizimu, nayo, angalia juu kabisa: chuma kinachoonyesha upepo kina umbo la merikebu. 200 mm, anga la jioni, umemaliza.

#13 lenzi_ya_mfukoni

Na ndani ya michezo yenyewe, mle gizani?

#14 Bi_Nakshi

Flashi hairuhusiwi, na hata ingeruhusiwa ingeua taa zilizopangwa na watu kwa ustadi mkubwa. Bila flashi unahitaji f/1.4 au f/1.8, ISO 6400, 1/60, na gari linatembea. Zima taa ya kusaidia fokasi na zima skrini, inawaudhi wengine. Ushauri wangu ni kutumia nguvu zako kwenye foleni na nje, huko ndiko kuna vitu vya kugusika karibu.

#15 JichoKali

Kanuni za vifaa, maana swali litakuja. Fimbo za selfi zimepigwa marufuku tangu 2015. Tripodi inakubalika ikiwa inaingia ndani ya begi la kawaida la mgongoni na ikifunguliwa haizidi futi 6, yaani sentimita 182. Droni hapana, anga la juu ya bustani lenyewe limezuiwa. Kupiga picha kwa ajili ya biashara bila idhini ya maandishi hakuruhusiwi. Kanuni hubadilika, soma toleo la sasa kabla ya safari.

Hata tripodi inayokubalika haifai Main Street watu wakiwa wengi. Egemea nguzo, kaza viwiko mbavuni, toa pumzi nusu, piga fremu tano mfululizo kwa 1/15. Mara nyingi ya tatu au ya nne ndiyo kali, kwa sababu kidole hakisogei tena.

Na watoto wa watu: kwa kuwa tunapiga vitu, subiri wapite. Ukishindwa kusubiri, kata fremu.

#16 mng'ao_wa_kioo

Taa za usiku, kisha niwaachie wengine.

Taa za nguzo za Main Street zina mwali wa gesi halisi, ni nguzo za karne ya 19. Mwali ni mwekundu kuliko balbu. Mizani ya nyeupe (mpangilio wa kamera wa rangi ya nuru) ikiachwa otomatiki, kamera inaufanya uwe mweupe na kuua kila kitu. Weka mwenyewe, 3200 K kama mahali pa kuanzia: mwali unabaki wa chungwa, anga la baada ya machweo linakuwa bluu nzito. Shata isiwe ndefu, kwa sababu mwali unacheza. Kwa 1/4 unakuwa yai la nuru, kwa 1/60 una ncha. Punguza mwangaza stopu moja na nusu hadi mbili. Nguzo itakuwa nyeusi, unaiinua baadaye kutoka kwenye faili ya RAW (picha ghafi ya kamera).

Kwenye mgahawa wa Refreshment Corner, mwisho wa Main Street upande wa magharibi, balbu za juu zinapishana nyekundu na nyeupe. Idadi haikuruhusu zipishane mpaka mwisho, hivyo balbu moja imepakwa nusu nyekundu nusu nyeupe. Fundi alikataa kuweka mbili za rangi moja zifuatane! Kuipiga ikiwa inawaka kunataka kupunguza mwangaza sana, stopu tatu hivi, la sivyo nusu nyekundu inageuka ya waridi na nusu nyeupe inafuta mpaka wa rangi. Hakikisha jirani zake wawili wanaonekana kwenye fremu, kwa sababu bila wao hakuna anayejua kwa nini balbu hiyo ni ya ajabu.

Balbu zikitoa mistari ya giza kwenye picha au fremu za mfululizo zikipishana rangi, ni kupepesa kwa umeme. Umeme wa Marekani ni wa herzi 60, hivyo taa nyingi hupepesa mara 120 kwa sekunde. Tumia 1/60 au 1/125, achana na 1/500, na zima shata ya kielektroniki.

#17 Kivuli_na_Nuru

Kuna aliyeuliza faraghani kuhusu dirisha la malkia pale eneo la Fantasyland. Najibu hapa wafaidike wote.

Juu ya mchezo wa Snow White, pazia la dirisha hufunguka kila baada ya muda, Malkia Mwovu anatazama nje, kisha linafungwa. Usisubiri na kamera mkononi ikiwa imelala. Pima muda wa mzunguko mmoja kwa saa, utajua unarudia baada ya sekunde ngapi. Weka fokasi ya mkono kwenye fremu ya dirisha, kisha ipeleke nyuma kidogo kwa sababu sanamu imesimama ndani ya pazia. Mwangaza pima pazia likiwa wazi, maana likiwa limefungwa linang'aa zaidi na litakudanganya. 1/200, f/5.6, mfululizo. Jumuisha fremu yote ya mawe ya dirisha na kipande cha ukuta.

#18 ShataTaratibu

Na farasi wa karuseli ya King Arthur Carrousel, kwa wanaopita hapo hapo. Mashine ni ya kampuni ya Dentzel, ya mwaka 1922, na farasi wote ni weupe. Weupe huo unadanganya kipimo cha kamera: inawafanya wa kijivu. Ongeza theluthi mbili ya stopu wakiwa kivulini, usiongeze kitu wakiwa juani. Farasi kiongozi anaitwa Jingles, mtambue kwa kengele alizovishwa. Karuseli ikiwa imesimama kupakia watu, piga kengele kwa 85 mm, f/5.6. Ikizunguka, 1/20 huku ukimfuata kwa kamera kwa mwendo ule ule, geuka kiunoni na miguu ikae. Tegemea fremu moja nzuri kati ya ishirini.

#19 lenzi_ya_mfukoni

Nashukuru sana wakuu. La mwisho: nyumbani, mistari ya majengo inayolala nyuma niinyooshe au niiache?

#20 Fremu_ya_Pili

Inyooshe, lakini kwa asilimia 80 hivi. Ukiinyoosha yote, majengo ya Main Street yanaonekana yamevimba juu, kwa sababu jicho limezoea kuona majengo yakipungua kidogo kuelekea juu. Unapopiga, acha nafasi ya ziada kama asilimia 15 kila upande, maana kunyoosha hula pembe. Na usitumie kitufe cha otomatiki kwenye picha za kasri: kinatafuta mistari iliyo wima, na minara ile imechongoka.